Kaka Yangu, Mchezaji wa Kulipwa

Kiwanja cha tenisi cha mgodi kilikuwa kazi ya mama na mimi, ingawa mshahara wake aliupokea baba. Nalisema hili mapema kwa sababu wanaume wa ukoo wetu wakisimulia habari za kaka yangu huanzia kwenye raketi, kana kwamba raketi ile ilikuwa inacheza hewani. Kabla ya raketi kulikuwa na udongo.

Baba alitoka Didia, kijijini kwao upande wa Shinyanga, wakati vita vya Hitla vinaelekea kwisha. Ukame ulikuwa umempunguzia ng'ombe, akaona aje Geita kuandikishwa kazi ya dhahabu. Chini ya ardhi alishuka mara moja tu. Alipopandishwa juu alikaa kwenye jiwe, akavua kofia ya mgodi, akaiweka kando, na hakuna aliyeweza kumvalisha tena. Wangemfukuza siku ileile, ila Wazungu wa mgodi walikuwa na taabu yao: kiwanja chao cha tenisi kilipasuka kila kiangazi na kugeuka tope kila masika. Baba alikitazama akapita zake. Kesho yake alikuja na karai la udongo wa kichuguu, akalitua mbele ya mhandisi wa pampu, ambaye ndiye aliyekuwa akisimamia michezo. Mhandisi alifinya donge moja, akalilowesha kwa mate, akalifinya tena. Hawakuwa na lugha moja hata ya kusalimiana, lakini hapo walielewana.

Kuvunja kichuguu ni kazi ya mwanamume. Yote yanayofuata yalikuwa yetu. Mama na mimi tuliutwanga ule udongo kwenye kinu, tukauchekecha, tukauchanganya na maji na samadi laini, kisha tukausiriba kwa viganja huku tukirudi nyuma kwa magoti, kama tunavyosiriba sakafu ya nyumba. Mama alikuwa mkali. Akiona alama ya kidole changu mahali alinirudisha nianze upya. Udongo ukishakauka, baba alivuta juu yake pipa lililojazwa zege, akachora mistari kwa chokaa, akasimama pembeni kusubiri mabwana. Wageni wa migodi mingine walikisifu sana kiwanja kile, na baba alizipokea sifa zote bila kuonyesha dalili yoyote ya kugawa.

Kaka alinizidi miaka mitatu. Tenisi aliijua kwa sababu ya kukagua sakafu. Kila tuliposiriba sehemu mpya ilibidi ijaribiwe kama mpira unadunda sawa na kwingine, na baba hakukubali ijaribiwe kwa kubahatisha. Alikuwa anaweka jani la muhogo mahali alipopatilia shaka, kaka anasimama upande wa pili wa wavu na raketi kuukuu aliyotupiwa, na kazi yake ni kuupiga mpira ulifikie lile jani. Mimi nilimrudishia kwa ubao. Akilikosa, baba hakugomba, alinyoosha kidole tu. Jani likihamishwa, tunaanza tena. Ukiifanya kazi hiyo kila asubuhi kwa miaka sita au saba kabla mabwana hawajaamka, mkono wako unajifunza mambo ambayo wao waliyasoma kwenye vitabu. Mkono wangu pia ulijifunza, lakini hiyo si habari ya leo.

Mabwana walikuja kugundua siku mmoja wao alipougua homa na watatu waliobaki wakakosa mtu wa nne. Mhandisi wa pampu alimwita kaka kwa mzaha. Kaka aliingia peku, akavuta kaptula yake juu, na kwa muda wa saa nzima akawa anaweka mpira kwenye majani ambayo hayakuwepo. Wale watu walikimbia mpaka nyuso zikawa nyekundu kama udongo wetu. Mhandisi alipomaliza alikaa chini, akacheka mwenyewe. Toka siku hiyo alimchukua kaka kama mwanafunzi wake, akampa raketi nzima na viatu vyeupe vilivyombana vidole.

Nilikuwa na miaka kumi na saba mhandisi alipotuletea habari. Alikuja mpaka mlangoni kwetu, jambo ambalo si la kawaida, akazungumza Kiswahili chake cha kuamrisha mafundi. Shinyanga kulikuwa na mashindano kila mwaka, ya vilabu vya Wazungu na Wahindi. Mwaka huo wamekubali Waafrika nao waandikishwe, kama wana mtu wa kuwadhamini. Yeye atamdhamini kaka. Akishinda, au hata akicheza vizuri, jina lake litaandikwa, na akishaandikwa Shinyanga ataandikwa na kwingine.

"Lakini moja," alisema. "Mashindano haya ni ya watu wasiolipwa. Asipokee pesa ya mtu kwa sababu ya kucheza. Hata senti moja. Mnaelewa?"

Nilimfasiria baba. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Nilisoma kwa masista miaka minne na Kiswahili kilinitoka kama maji, wakati baba, baada ya miaka yote ile kambini, alijua "njoo", "maji" na "kesho", na hakuona haja ya zaidi. Aliitikia kwa kichwa. Pesa, hakuna. Hilo ni jepesi.

Kaka alibadilika kuanzia siku hiyo. Alikuwa mtu wa maneno machache, sasa akawa hasemi kabisa, ila mara moja, tukiwa tunachekecha udongo, aliniambia kwamba anataka kitu kimoja tu: acheze mchezo ambao mtu ataandika matokeo yake. Kila alichokuwa amecheza mpaka siku ile kiliishia kwenye kufagia. Nilimwonea huruma, na nikamwambia atacheza.

Mwezi wa saba mhandisi alikwenda Shinyanga kutafuta vipuri, akamchukua kaka. Alikuwa na rafiki yake, Mhindi mwenye kiwanda cha kuchambua pamba nje kidogo ya mji, ambaye alikuwa na kiwanja chake uani na vijana wake watatu waliokuwa wachezaji wazuri. Ulikuwa msimu wa kuuza pamba. Wakulima walikuwa wamejipanga na magunia yao kungoja mizani, na kati yao watu wetu wa Didia. Kaka alicheza na wale ndugu watatu, mmoja baada ya mwingine, akawashinda wote. Aliyekuwa mgumu ni mkubwa wao, kijana mrefu mpole, na hata yeye alimaliza akiwa ameshika kiuno.

Sasa hapa lazima nieleze jambo, maana bila hili mtatuona wajinga. Kwetu Usukumani, vikundi viwili vya ngoma vikishindana, hakuna mzee anayekaa na daftari kuhesabu. Kila kikundi kinacheza upande wake, na watu wanakwenda kunakowavuta. Aliyevuta watu ndiye mshindi, na mshindi hupewa ng'ombe. Si ujira. Hakuna aliyepatana naye. Ng'ombe yule ni neno la watu: tumekuona. Mshindi anayerudi nyumbani bila kitu ni mtu ambaye ushindi wake haukushuhudiwa, na baba yake ataulizwa kulikoni.

Mchana ule kiwandani, wakulima waliacha magunia yao kwenye foleni. Walianza wawili, wakaja kumi, mwishoni mizani ilibaki na karani wake peke yao. Kati ya waliosimama kwenye ua alikuwepo manju wa kikundi cha ngoma cha upande wa babu yangu, yaani kiongozi wao na mtungaji wa nyimbo zao. Hakuelewa lolote kuhusu wavu wala mistari. Alichoelewa ni kwamba kijana wa Didia amewavuta watu kutoka kwenye pamba yao, kitu ambacho yeye mwenyewe na ngoma zake asingekiweza siku ya mizani. Baada ya wiki tatu manju na watu wake walimtolea kaka mtamba, ng'ombe jike mwekundu ambaye hajazaa bado, wakamkabidhi mbele ya nyumba ya babu kwa nyimbo. Baba alisafiri kwenda kumpokea. Aliporudi Geita alikuwa amenyooka mgongo kwa namna ambayo sijawahi kumwona, na mama alisema hata siku ya harusi yao hakusimama vile.

Je, tulikumbuka onyo la mhandisi? Tulikumbuka, ndiyo. Alisema pesa. Mtamba si pesa. Kaka mwenyewe, ambaye angekuwa na sababu ya kuogopa, hakuogopa. Kama kuna aliyetia shaka nyumbani kwetu, hakusema, na sidhani kama alikuwepo.

Safari ya mashindano tulikwenda watatu. Mhandisi alizuiwa na maji yaliyokuwa yakipanda mgodini, akampa kaka barua ya udhamini na kuahidi kutufuata maji yakipungua. Baba alisema kijana hawezi kwenda kupambana bila mzazi wake, na mzazi hawezi kwenda bila mdomo, hivyo na mimi nikaenda. Lori mpaka ziwani, kivuko, kisha treni kutoka Mwanza. Baba alivaa koti la kijivu alilolinunua kwa ajili hiyo, na joto lote la daraja la tatu hakulivua.

Alhamisi mchana tulikuwa mbele ya meza ya katibu wa mashindano. Alikuwa mzee wa Kihindi mwenye miwani, mstaarabu, aliyetuagiza viti kabla hajatuuliza chochote. Alisoma barua, akamtazama kaka, akatabasamu. Inaonekana habari za kiwandani zilikuwa zimemfikia. Akachukua fomu akawa anauliza na kujaza: jina, umri, kazi. Kisha akafika kwenye swali ambalo ni lazima mzazi au mdhamini alijibu.

"Mzee, kijana wako amewahi kupewa kitu chochote kwa sababu ya kucheza tenisi?"

Nilimfasiria baba. Baba akasimama. Alivuta koti lake chini, akasema kwa Kisukuma, polepole ili nipate kila neno, kwamba ndiyo, mwanawe amepewa. Watu wa Didia walimwona akicheza, wakampa mtamba, na yeye baba mtu ndiye aliyeshika kamba.

Nimeulizwa na wanangu kwa nini sikunyamaza. Ningeweza. Ningesema "hapana" na baba asingejua. Lakini hamkumwona alivyosimama. Na niseme ukweli wote: mimi pia nilivimba kichwa. Niliona huyu mzee mwenye miwani anaandika tu kuhusu "mfagia kiwanja", hajui ni nani aliyesimama mbele yake. Nikamfasiria sawasawa, na nadhani nilitia chumvi kidogo kwenye nyimbo. Nilitegemea atoke kwenye kiti chake atupe mkono.

Kalamu yake ilisimama. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Binti," aliniambia, "kwa nini umeniambia?"

Kisha akaeleza. Kanuni haisemi pesa tu. Inasema malipo, au kitu chenye thamani. Ng'ombe ana thamani. Aliyepokea ng'ombe kwa kucheza ni mchezaji wa kulipwa, na mchezaji wa kulipwa hawezi kuandikwa na hawa wengine. Angependa asiwe amesikia, lakini amesikia, na karani aliyekaa nyuma yake amesikia pia.

Kaka alikuwa amesimama na raketi yake kwenye mfuko wa turubai aliomshonea mama. Baba alinitazama akingoja nimfasirie.

Yule katibu hakuwa mtu mbaya. Aliendelea kufikiri kwa sauti. Mechi zinaanza Jumamosi asubuhi. Didia si mbali. Mkienda kesho mkamrudisha huyo ng'ombe kwa waliompa, mkaniletea barua ya mtu mmoja tu anayeheshimika kwamba amerudishwa, nitamwandika. Nitasema hakuwahi kumpokea. Nitaacha mstari huu wazi mpaka kesho jioni.

"Mwambie baba yako," alisema.

Nikageuka kwa baba na mdomo wazi. Na hapo kaka akazungumza. Hakuzungumza Kisukuma. Alizungumza Kiswahili, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza treni inaondoka saa ngapi, na macho yake yalikuwa kwenye ile fomu.

"Mdogo wangu, usimwambie."

Nilimtazama.

"Akimrudisha yule ng'ombe, Didia hatakanyaga tena. Watasema aliona zawadi yao ni ndogo. Na akijua kwamba yeye ndiye aliyenitoa hapa, hatavaa tena hilo koti. Mwambie nafasi zimejaa."

"Na wewe?"

"Mwambie nafasi zimejaa."

Katibu alisikia yote. Aliinamisha kichwa akawa anapanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa. Nikamwambia baba, kwa lugha ya mama yangu, kwamba Mhindi huyu amefurahi sana kusikia habari za mtamba, ila majina yalishatimia tangu jana, nafasi zimejaa, anaomba radhi. Baba alisikitika kwa kiasi. Alisema basi ni mwaka ujao. Akamshukuru katibu kwa neno lake moja, "wabeja," akampa mkono. Katibu aliupokea kwa mikono miwili.

Mbele ya jina la kaka aliandika kwamba ni mchezaji wa kulipwa. Nililiona likiandikwa. Na sasa, kabla sijafika Jumamosi, niseme upesi yaliyofuata, maana watu wengi hudhani hapo mambo yaliharibika. Hayakuharibika. Mtu akishaandikwa hivyo vilabu vina haki ya kumwajiri, na mhandisi, aliyekasirika kwa siku mbili na kuhuzunika kwa miezi, alimwandikia barua huku na huko. Kaka alianzia Mwanza, akaenda Dar es Salaam, akaenda mpaka Nairobi. Aliajiriwa kufundisha na kucheza na wanachama, akavaa suruali nyeupe zilizopigwa pasi, akajenga nyumba ya bati, akatusomeshea watoto. Vijana aliowafundisha walishinda vikombe, na majina yao yaliandikwa kwenye mbao za vilabu kwa wino wa dhahabu. Jina lake halikuandikwa popote. Miaka yote ile hakucheza hata mechi moja ya kuandikwa matokeo, na kila alipotutembelea nilikuwa namtazama akila ugali wake kwa utulivu, na roho inaniuma upya.

Jumamosi baba alikataa tuondoke. Tumekuja kutoka mbali, alisema, tukaone wanavyofanya. Tulisimama nyuma ya kamba na watu wengine siku nzima. Kaka alitazama kila mpira. Sikuwa na haja ya kutazama mchezo, nilimtazama yeye: mkono wake wa kulia ulikuwa unajongea kidogo kila mpira ulipopigwa, na nadhani hakujua.

Aliyeshinda alikuwa yule kijana mkubwa wa kiwandani. Jioni jua likiwa bado juu ya paa alipewa kikombe cha fedha chenye masikio mawili, watu wakapiga makofi. Baba alinigusa.

"Amepewa nini?"

"Kikombe, baba."

"Kina nini ndani?"

"Hakina kitu."

Baba alimtazama kijana yule kwa muda mrefu. Huruma iliyomjaa usoni ilikuwa ya kweli, sipigi chuku. Siku nzima juani, mbele ya umati wote ule, na watu wake hawakumpa hata mbuzi. Alipita chini ya kamba, koti na kila kitu, akaenda moja kwa moja, nasi tukamfuata kwa sababu hatukuwa na namna. Alimshika kijana mkono, akaniambia nimwambie pole. Nimwambie asife moyo. Amecheza vizuri, watu wake wakivuna watamkumbuka.

Nilimfasiria yote, neno kwa neno. Nilikuwa nimechoka kuchagua maneno.

Yule kijana hakucheka. Alimtazama baba, akatazama kikombe, kisha akamwona kaka nyuma yetu na mfuko wake wa turubai ambao haukufunguliwa. Alikuwa ameshaambiwa, hilo lilionekana.

"Njoo kesho nyumbani," alimwambia. "Tucheze sisi wawili. Sijashinda kitu mpaka nicheze na wewe."

"Nitakuja," alisema kaka. "Lakini itabidi unilipe. Mimi ni wa kulipwa."

Alilisema akitabasamu, na ilikuwa mara ya kwanza kulisema. Nimelisikia mara nyingi baadaye, akijieleza kwa wageni, na hakuna siku ambayo sikutaka kuziba masikio.

"Wanasema nini?" baba aliuliza.

Kaka alinitazama juu ya bega la baba. Hakunikataza kwa neno. Alingoja tu kuona nitasema nini, na nikaelewa kwamba safari hii ameniachia mimi.

"Anashukuru," nilimwambia baba. "Anasema umempa moyo."

Baba aliridhika. Alimtangulia kaka kutoka uwanjani akiwa amemshika kifundo cha mkono, ule wa kulia, kama mtu anayemwongoza mtoto kuvuka barabara. Aliishi miaka ishirini na miwili baada ya hapo. Kila mwaka, pamba ikianza kuvunwa, alituuliza kama mwaka huu nafasi zipo.